Uzamili wa Saikolojia Nikiwa Makoongwe

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Makoongwe, kisiwa kidogo kinachotazamana na bandari ya Mkoani, Pemba. Nasoma shahada ya uzamili ya saikolojia kwa mtandao, katika chuo kimoja cha Uingereza. Jirani yangu, mzee wa makamo, aliposikia aliniuliza: "Mwalimu, kwani waganga wamekwisha Pemba?"

Nilicheka, kisha nikamweleza. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja kwetu, na watu kwa mamia walipotea. Waliokuwa watoto siku ile leo ni watu wazima, wengine wana watoto wao, na wapo ambao mpaka sasa wakisikia habari ya kusafiri hawalali. Nilitaka kujua la kuwaambia zaidi ya "subira".

Kusoma kwenyewe kunawezekana. Mihadhara imerekodiwa, naipakua usiku bando likiwa rahisi, naisikiliza nikivuka kwenda kazini. Semina ya saa 12 jioni London, wakati wa baridi yao, kwetu ni saa 3 usiku, watoto wamelala. Kinachoangusha watu ni takwimu. Wengi tuliingia tukidhani tutasoma habari za moyo, tukakuta wiki nzima za kupima kama tofauti ya makundi mawili ni ya kweli au imetokea kwa bahati tu. Hakuna njia ya kuikwepa.

Somo lililonishika ni la Mary Ainsworth. Vitabu humsifu kwa majaribio yake ya Baltimore, Marekani, ya kumwacha mtoto kidogo chumbani na mgeni na kutazama anavyompokea mama akirudi. Kumbe kazi hiyo ilianzia jirani na sisi. Mwaka 1954 alikwenda Uganda, akafuatilia familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Alizirudia nyumba zile kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi, pamoja na mkalimani, akiangalia mtoto anamlilia nani na anamkimbilia nani. Kitabu chake kilitoka 1967. Nikaandika insha juu ya malezi ya huku kwetu, ambako mtoto ni wa mama, wa bibi na wa shangazi kwa pamoja, na mhadhiri akaniomba niiendeleze iwe utafiti. Haikunishangaza. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionyesha kwamba sehemu kubwa ya saikolojia imejengwa juu ya watu wa nchi za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu.

Lakini Ainsworth alijua kwa kukaa majumbani mwa watu, na hapo ndipo kusoma kwangu kwa mtandao kunapogota. Shahada yangu ni ya elimu ya saikolojia. Si ruhusa ya kutibu. Uingereza kwenyewe, mwanasaikolojia tiba husoma mpaka uzamivu. Pale Muhimbili, anayesoma uzamili wa saikolojia tiba hujifunza hospitalini, mbele ya wagonjwa, chini ya msimamizi. Mimi hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu naifikia kwa boti hadi Mkoani, kisha meli hadi Unguja. Matangazo ya masomo ya mtandaoni hayalisemi hili kwa sauti, na naona si haki.

Kwa ushauri nasaha wa shuleni au utafiti, masomo haya yanatosha, nami siyajutii. Kwa anayetaka kukaa na wagonjwa, hayatoshi. Kabla hujalipa ada, uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo hicho kinatambuliwa, na ukitake chuo kikwambie kwa maandishi mazoezi utayafanyia wapi na nani atakusimamia. Pitia pia kituo cha Pemba cha Chuo Kikuu Huria, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na nyumba zao, uone wana masomo gani yanayokufaa. Huko utalipa kwa shilingi.