Batri ya taa ya kuzamia: pima mbele ya kununua

Mimi mwana-agronomia nazoea kupima udongo mbele ya kupanda. Na batri ni vile vile.

18650 maana yake upana milimita 18, urefu 65. Lakini ile yenye saketi ya kinga inaweza kukaribia 70: kifuniko hakifungi muzuri, maji inaingia. Usilazimishe.

14500 inafanana na batri ya rimoti kwa umbo, lakini iko na volti 3.7, hapana 1.5. Inaweza kuunguza taa.

Ukiona 18650 imeandikwa 9900 mAh, ni uongo. Ile nzuri iko karibu 3500.

Taa ya kuzamia imefungwa kabisa. Batri mbovu ikitoa gesi ndani, haina pa kutokea, inaweza kulipuka mukononi. Bei rahisi hiyo, hapana.