Sukari, molasi au unga wa muhogo?

Anayefuga perege kwenye tangi la turubai Kilwa Masoko kwa njia ya bayofloki ana gharama asiyoijua mwenye bwawa la udongo: kulisha bakteria. Wakipata kaboni ya kutosha, bakteria huichukua amonia inayotolewa na samaki na mabaki ya chakula, wakaigeuza vijibonge vya kahawia ambavyo perege huvila. Wakiikosa, samaki hulewa amonia.

Kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 30 inahitaji takriban gramu 240 za kaboni. Kwa sukari hiyo ni karibu gramu 570, kwa unga wa muhogo 600 na ushee, na kwa molasi, yenye maji ndani yake, kama 800. Basi bei ya kilo peke yake itakudanganya. Molasi inalipa pale tu bei yake, ikishafika nyumbani, isipozidi theluthi mbili ya bei ya sukari. Viwanda viko mbali, Kilombero, Mtibwa na Moshi, na dumu likishushwa Nangurukuru bado linadai nauli ya kufika Masoko.

Mimi ningenunua makopa nikayasagisha. Muhogo umejaa pwani yote ya Lindi. Kasoro yake ni kwamba wanga hufanya kazi polepole, kwa hiyo unga ulowekwe usiku kucha. Sukari kilo mbili tatu ziwe akiba ya siku amonia inapopanda ghafla. Pumba waachie kuku, maana makapi yake hurundikana chini ya tangi. Na mabibo? Yana sukari, ila msimu ni mfupi na wanaotengeneza uraka, pombe ya mabibo, watakuwahi.

Hasara kubwa zaidi ni kumwaga kaboni kila siku kwa mazoea. Kata kitako cha chupa safi ya maji, igeuze kichwa chini kizibo kikiwa kimekazwa, pima mililita 50 kwa bomba la sindano na uchore alama. Kisha mimina lita moja ya maji ya tangi, usubiri nusu saa. Mashapo yakivuka alama, acha kuongeza. Kaboni ikizidi, bakteria huwanyang'anya samaki oksijeni, na umeme ukikatika tangi lililojaa samaki halivumilii muda mrefu. Fedha utakayookoa kwenye muhogo, nunulia betri ya blowa inayopuliza hewa majini.