Nta na karatasi zarahisisha vipimo

Mfanyabiashara wa mahindi Afrika Mashariki anaijua hasara ya sumukuvu. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu kwa kilo, kiasi kisichoonekana kwa macho. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kutokana na mahindi yenye sumu hiyo. Kipimo cha bei nafuu, basi, si anasa.

Vifaa vidogo vya kupimia hutegemea mifereji myembamba kama unywele. Kwa miaka mingi ilichongwa kwenye kioo au silikoni, ndani ya chumba kisichoingia vumbi. Huo ni mtaji wa matajiri.

Michelle Khine, alipoanza kazi Chuo Kikuu cha California, Merced, hakuwa na chumba hicho. Akakumbuka mchezo wa utotoni: plastiki inayosinyaa ikipata moto. Alichapa mchoro wa mifereji kwa printa ya leza, akauweka katika oveni ndogo ya jikoni. Plastiki ilisinyaa kwa zaidi ya nusu, na mistari ya wino ikainuka. Akamimina mpira wa silikoni juu yake. Ulipoganda na kubanduliwa, mifereji ilikuwa tayari. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2008.

Kundi la George Whitesides, Harvard, lilichagua karatasi ya kuchujia. Mwaka 2009 lilichapa mistari ya nta na kuipasha moto. Nta huyeyuka, huzama ndani ya karatasi na kuwa ukuta. Tone la maji hujivuta lenyewe kati ya kuta, bila pampu wala umeme, hadi kwenye dawa inayobadilika rangi. Printa za nta zilizotumika haziuzwi tena, lakini mwaka huohuo watafiti wa China walionyesha kuwa hata kalamu ya nta mkononi hufaa.

Majaribio ya mwanzo yalipima sukari na protini katika mkojo. Kwa sumukuvu, sokoni kuna vijiti vya kuchovya vyenye mistari iliyochapwa, ndugu wa karatasi hizo.

Hata hivyo, kijiti husoma kile tu kilichochovywa. Sumu hukaa kwenye punje chache, hivyo gunia moja laweza kuwa safi na la pili baya. Mwenye shehena achote kidogo kidogo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, achanganye, asage, ndipo apime.