Mama Aliyewaacha Wanawe Ili Wako Apone

Usiku wa manane, Singida mjini. Nje upepo unavuma, ndani mtoto anachemka mwili mzima. Alfajiri mnamkimbiza zahanati, kipimo kinasema malaria, mnapewa dawa ya mseto, yaani ALu. Siku chache baadaye anakimbiza kuku uani. Mnamshukuru Mungu, pakiti inatupwa.

Mpenzi msomaji, umewahi kujiuliza dawa hiyo ilitoka wapi?

Ilianzia kwa mwanamama wa Kichina, Tu Youyou, aliyezaliwa Ningbo mwaka 1930 na kusomea famasia Beijing. Mwaka 1969 alikabidhiwa timu ya kutafuta dawa mpya, maana klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Wakati huo mumewe, mhandisi Li Tingzhao, alikuwa amepelekwa kufanya kazi vijijini. Tu naye akatumwa kisiwani Hainan. Binti mkubwa, miaka minne tu, akaachwa shule ya watoto ya bweni. Mdogo akapelekwa kwa babu na bibi. Mama aliporudi, mmoja wao hakumtambua.

Hebu vaa viatu vyake.

Kazini nako mambo yalikuwa magumu. Mmea wa artemisia, jamii ya pakanga, leo ulifanya kazi, kesho hola. Tu akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong, cha zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Kinasema loweka, kamua, kunywa. Kuchemsha hakumo! Kumbe moto ndio ulioharibu dawa. Akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikamaliza vimelea vyote kwa panya. Mwaka 1972, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, yeye na wenzake wawili waliinywa wenyewe. Tuzo ya Nobel ilikuja 2015, akiwa na miaka 84.

Tusidanganyane, upande wa pili wa stori hii tunaujua. Mama ni mwalimu Mkalama, baba yuko benki Dar, mtoto kwa bibi Kiomboi. Kila mmoja anasema "ni kwa muda tu", miaka inakatika. Tu hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua, nyie mnayo. Kaeni chini muulizane: ni kwa muda gani? Nani atasafiri, nani atapiga simu kila jioni? Uhamisho ukigoma, nani atalegeza? Msisubiri mtoto amwite mama yake "shangazi" ndipo muanze kulaumiana.

Na ile pakiti? Dozi ni mara sita ndani ya siku tatu, pamoja na chakula. Usikatishe homa ikishuka ukaweka akiba ya siku nyingine. Huko Kagera watafiti wameshakuta vimelea vilivyoanza kuwa sugu kwa dawa za artemisinini.

Imalizeni. Kuna binti alimsahau mama yake ili dozi hiyo ifike mezani kwenu.