Pete ya Rangi Mbili na Kidole cha Askari
Wengi wetu tunaojiandaa kuoa humwagiza sonara pete ya rangi mbili: manjano kingoni, nyeupe katikati. Zote mbili ni dhahabu. Ile ya karati 18 ina sehemu 75 katika 100 za dhahabu halisi. Rangi hutokana na madini yaliyochanganywa nayo, kwani shaba huleta wekundu na paladi weupe.

Tupimwe vidole jioni, si alfajiri. Joto la gwaride huvivimbisha, na pete iliyoungwa kwa lehemu ni taabu kuipanua.

Lakini kabla ya kupanda lori tuivue. Ikinasa kwenye bodi wakati wa kuruka, yaweza kuchuna nyama hadi mfupani. Itiwe mfukoni, kifungo kifungwe. Bibi harusi ataelewa.