Anayepimwa Naye Ana Macho

Karibu kila mtu aliyewekwa kusimamia wenzake hujiuliza: Je, nifanye nini ili kazi izidi? Wengi hujibu upesi: ongeza ukali, au hesabu kwa makini zaidi. Mambo yaliyotokea zamani katika kiwanda kimoja cha Marekani yaonyesha kwamba jibu si jepesi hivyo.

Kiwanda hicho kiliitwa Hawthorne, mali ya kampuni ya Western Electric, karibu na mji wa Chicago. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyombo vya simu. Mwaka 1924 wataalamu walianza kupima kama mwanga wa taa huzidisha kazi. Katika jaribio moja, watu walioongezewa mwanga walifanya kazi zaidi; lakini wale ambao taa zao hazikuguswa, nao pia walizidisha. Wataalamu wakastaajabu.

WANAWAKE WATANO

Mwaka 1927 wanawake watano waliwekwa katika chumba cha peke yao, pamoja na mwenzao wa kuwapa vifaa. Kazi yao ilikuwa kuunganisha vyombo vidogo vya umeme vya mitambo ya simu. Kila chombo kilichokamilika kilitiwa katika tundu, na mashine ikakihesabu. Wakapewa mapumziko, wakapewa chakula kidogo asubuhi, saa zao za kazi zikapunguzwa. Na kazi ikazidi. Kisha fadhili hizo zote zikaondolewa kwa majuma 12. Ajabu ni kwamba jumla ya kazi ya juma haikushuka, bali ilipanda.

Profesa Elton Mayo wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza kwamba wanawake hao walizidisha bidii kwa sababu waliulizwa maoni yao na kutendewa kama watu wenye akili. Maelezo hayo yalienea duniani kote.

Lakini msomaji mwenye busara asiyameze yote. Mishahara yao nayo ilikuwa imebadilishwa, kila mmoja akapata faida kubwa zaidi ya bidii ya kundi lake dogo. Tena, Januari 1928 wawili kati yao waliondolewa kwa kulaumiwa kwamba huzungumza mno na hawashirikiani, na wengine wakawekwa mahali pao. Mwaka 1978 Richard Franke na James Kaul walizipiga hesabu zile upya, wakaona kwamba ukali wa wasimamizi na shida za uchumi za wakati ule zilichangia sana.

WANAUME KUMI NA WANNE

Tangu Novemba 1931 hadi Mei 1932 walitazamwa wanaume 14 katika chumba kingine. Hao walikuwa wameafikiana wenyewe kiasi cha kazi cha kutwa, nao hawakukipita, ijapokuwa kukipita kungewaongezea fedha. Aliyekwenda mbio alipigwa ngumi ya mkono na wenzake. Je, walikuwa wavivu? Sivyo. Waliogopa kwamba wakizidisha, malipo ya kila kipande yatapunguzwa, au baadhi yao watafukuzwa. Nao walikuwa na sababu ya kuogopa, kwa maana siku zile kazi zilikuwa haba, na jaribio lenyewe lilikoma kwa kukosekana kazi.

Basi, daftari la msimamizi lingeonyesha kiasi cha kazi tu. Hofu ya watu hao lisingeionyesha kamwe. Hofu ilijulikana kwa kukaa nao na kuwasikiliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hesabu ni ya lazima, iwe ni ya madebe ya kahawa shambani au ya majalada ofisini. Lakini anayepimwa naye humtazama anayempima, akijiuliza hesabu ile itamletea nini: haki au hasara. Msimamizi ambaye hajalijibu swali hilo waziwazi, asishangae akipewa kiasi kile kile kila siku.