Dawa za mafua Marekani: Panadol kwa jina jingine

Familia kutoka Kongo na Afrika Mashariki zilizohamia Louisville, Columbus na Buffalo hukuta, kila majira ya baridi, maduka yamejaa dawa za mafua zisizohitaji cheti cha daktari. Utata uko kwenye majina. Parasetamoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Panadol, nchini Marekani huandikwa acetaminophen. Ndiyo iliyomo katika Tylenol, na vilevile katika aina nyingi za NyQuil na Theraflu.

Hivyo, mwenye homa akimeza vidonge 2 vya Tylenol vya miligramu 500, kisha akanywa mililita 30 za NyQuil zenye miligramu 650, huwa ametumia dawa ile ile mara mbili. Kwa mtu mzima, jumla isizidi miligramu 4,000 kwa saa 24; kwa mnywaji wa pombe hatari ni kubwa zaidi. Ikizidi huharibu ini, na siku ya kwanza mgonjwa aweza asihisi lolote. Dawa ya kuliokoa ini hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8.

Kiambato kingine, phenylephrine ya kumeza, ni hasara ya fedha tu: mwaka 2023 washauri wa mamlaka ya dawa, FDA, walikubaliana kwamba haizibui pua.

Aliyezidisha kipimo asingoje maumivu. Katika miji yote 3, kituo cha ushauri wa sumu hupatikana bure, usiku na mchana, kwa simu 1-800-222-1222, na wakalimani wapo. Aliyezimia apigiwe 911.